Mwaka Tuliokinyima Kirusi Jina

Jina hilo ambalo halikutolewa lilitugharimu karibu mwaka mzima, mbuzi wanne, magurudumu mawili ya pikipiki na heshima yangu nyumbani. Nilipohesabu tena, mbuzi walikuwa watano, maana mmoja alikuwa na mimba. Na heshima ilirudi yenyewe baada ya msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo, hiyo naiondoa kwenye hesabu. Nazungumzia kirusi. Si kimoja cha vile vilivyofunga makanisa na masoko dunia nzima. Hiki ni kidogo, cha kupe wa mbuzi, na wengi wenu hamjawahi kukisikia. Kutosikika kwake ndiko kulikonichosha mwaka huo, na ndiko kulikomleta Daktari Makena mlangoni kwangu Homa Bay mwezi uliopita.

Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Amestaafu sasa, nywele nyeupe, fimbo mkononi, maneno yake bado ya kupimwa. Nilimpeleka kwa mama mmoja anayekaanga samaki karibu na ziwa, mahali penye meza tatu na viti vya plastiki visivyolingana urefu. Mwaka ule, yeye mtu wa Meru, alikuwa akifunika kichwa cha samaki kwa ugali ili wasitazamane. Safari hii aliagiza ngege, yaani sato, mzima, akamla mpaka macho, akapanga mifupa pembeni mwa sahani kwa ukubwa, maana yeye hawezi kuona vitu bila kuvipanga. Kisha akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja, akasema, "Awuor, ulininyima jina. Nimekuja kulichukua."

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, dalali wa mbuzi katika soko moja la mifugo upande wa Migori. Dalali ni mtu anayesimama kati ya mwenye mbuzi na mwenye pesa, akimwambia kila mmoja kwa zamu kwamba anaonewa. Wanaume wa soko walisema kazi hiyo si ya mwanamke, halafu wakaniletea mbuzi wao niwauzie. Walinipa jina la Nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe, kwa sababu nyumbani ni huko upande wa Asumbi, na nilijibu jina hilo bila kufikiri. Asubuhi moja akaja mwanamke aliyevaa gambuti, akiwa na vijana wawili wenye glavu nyeupe na vibano, wakitaka kuwatoa kupe mbuzi wa watu. Wenye mbuzi walikataa. Walikuwa sahihi kabisa. Mnunuzi gani akiona mbuzi ameshikwa na mtu wa glavu nyeupe atauliza bei? Nilimfuata yule mwanamke, ndiye Daktari Makena, nikamshauri avue glavu. Akasema glavu hazivuliwi, kupe ana mambo mengi mdomoni. Nikamwambia basi fanyeni nyuma ya jukwaa la kupakia ng'ombe, wasikoona wanunuzi, na mseme mnawasafisha mbuzi bure. Mbuzi asiye na kupe masikioni huonekana ametunzwa. Kufikia saa nne kulikuwa na foleni. Kufikia saa sita nilikuwa nimeajiriwa.

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja cha kukodi nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, Migori mjini. Maabara yenyewe ilikuwa Nairobi. Hapa palikuwa pa kuchambulia na kuhifadhi tu. Kinu kikiwaka ukuta ulitetemeka, na unga mwembamba ulipita chini ya mlango ukatua juu ya kila kitu: meza, friza, kitanda cha Daktari kilichokuwa nyuma ya pazia la kitenge, chai. Kupe walipangwa kwenye sahani juu ya barafu, jamii kwa jamii, dume kando na jike kando. Pembeni ulisimama mtungi wa nitrojeni uliotoa mvuke mweupe kila ulipofunguliwa, na kijana wa kinu aliapa kwamba ndani yake tumehifadhi mtu. Mimi nilipika. Omena, dagaa wa ziwani, na nyanya, sukuma, siku ya soko vipande vya matumbo. Tulikula kwenye meza ileile baada ya kuifuta mara mbili, na mimi niliifuta mara ya tatu.

Mwezi wa tatu au wa nne habari zilikuja kutoka Nairobi. Katika kupe wetu kulikuwa na kirusi kisichokuwa katika vitabu. Daktari Makena hakuruka. Aliketi, akaomba chai nyingine, akaweka sukari vijiko vitatu, yeye ambaye hakuwa akitia hata kimoja.

"Unajuaje ni kipya?" nikamuuliza. "Kina rangi gani?"

"Hakina rangi. Ni kidogo kuliko wimbi la mwanga linalotuonyesha rangi."

"Basi ulikionaje?"

"Sikukiona. Kilisomwa." Akaniambia kwamba kila kirusi kimebeba uzi wa maagizo ya kujitengeneza, na huo ndio mzigo wake wote. Swali la kwanza ni uzi wa aina gani: DNA au RNA, mmoja au wa pande mbili. Hicho chetu kilikuwa cha RNA, uzi uliokatwa vipande vitatu, kama jamaa zake wengi wa kupe. Hapo ndipo unaposoma herufi za uzi na kuzilinganisha na za vingine vinavyojulikana. Vinavyokaribiana sana huwekwa spishi moja. Spishi zenye undugu huwekwa jenasi moja, jenasi zenye undugu familia moja, na kadhalika kwenda juu.

"Kama koo," nikasema.

"Kama koo, ila hakuna harusi."

"Wala mahari?"

"Wala mahari."

"Basi nani anajua nani ni ndugu ya nani?"

"Makosa yao ndiyo yanayosema. Kila kinaponakiliwa, herufi chache hukosewa. Wawili wakiwa na makosa yaleyale mahali palepale, ujue wametoka kwa babu mmoja."

Hilo nililielewa mara moja. Darasani kwetu mwalimu aliwajua walioangaliziana kwa njia hiyohiyo, na aliwachapa kwa familia. Nikamuuliza sasa jina linatoka wapi. Akaniambia majina ni matatu na watu huyachanganya. Ugonjwa una jina lake, linalotumiwa na madaktari. Kirusi kina lake, ambalo kwa kawaida hutolewa na aliyekipata. Spishi ina lake, na hilo hupitishwa na kamati ya wataalamu wa dunia nzima ambayo haina haraka na mtu. "Hilo la katikati ni langu," akasema, na hapo ndipo nilipoona furaha aliyokuwa ameikoroga kwenye sukari. Alikuwa amefanya kazi ya kupe tangu ujana wake na alikuwa hajawahi kupata kirusi cha kukipa jina. "Desturi ni kukiita mahali kilipotoka. Kitakuwa kirusi cha Kehancha."

Niliweka kijiko chini. Ukutani, juu ya friza, kulikuwa na ramani ya Migori na Homa Bay yenye pini nyekundu, moja kwa kila mbuzi aliyetolewa kupe. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku nikidhani ni pambo. Sasa niliitazama. Pini karibu zote zilikuwa zimerundikana Kehancha mpaka jina la mji halisomeki.

Lazima nieleze jambo la soko letu. Wakati huo wanunuzi waliamini mbuzi wa Kehancha, kule kwa Wakuria, ana nyama zaidi kuliko mbuzi wa kwingine. Kwa hiyo hapakuwa na mbuzi wa kwingine. Ukimuuliza muuzaji yeyote mbuzi wake ametoka wapi, atakuambia Kehancha. Mbuzi wa Sori aliyekulia kwenye mchanga wa ziwa alikuwa wa Kehancha. Mbuzi wa kwetu Rangwe, niliyemjua mama yake, alikuwa wa Kehancha. Muuzaji alijua, mnunuzi alijua, na bei ilipangwa huku wote wakijua. Ilikuwa sehemu ya salamu. Daktari Makena na vijana wake walikuwa wameuliza swali lilelile, wakapewa jibu lilelile, na hakuna aliyeona haja ya kuwafafanulia kwa sababu hawakuwa wakinunua.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wote?" akauliza.

"Wa Robi, mama mmoja muuzaji, ni wa Kehancha kweli. Robi anatoka huko."

"Na waliobaki?"

"Waliobaki wametoka kwenye mdomo wa mwenye mbuzi."

Alisimama akaanza kuzitoa pini, moja moja, akiziweka kwenye kifuniko cha sufuria. "Nilikuwa najiuliza," akasema akiwa amenipa mgongo, "huko Kehancha watu wanalala wapi, kama mbuzi ni wengi hivi."

Lakini jina lilikuwa limeshatoka chumbani. Mmoja wa vijana wa glavu alikuwa amelitaja kwa mwenye kibanda cha chai, na kibanda cha chai hakihitaji redio. Siku ya soko iliyofuata, Robi aliingia maabara bila kubisha, akivuta mbuzi kwa kamba. Robi alikuwa mshindani wangu siku za soko na dada yangu siku nyingine zote, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Watu tisa walikula kwa mbuzi wake.

"Daktari ni yupi?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Sikai. Mpime huyu. Ukikuta ugonjwa, upe jina lako, usiupe la kwetu. Jina lako nani?"

"Makena."

"Wa wapi?"

"Meru."

"Basi kiite Meru. Miraa yenu itauzika tu." Mbuzi alikuwa ameanza kulamba unga kwenye mguu wa meza. Robi akamvuta. "Daktari, nakuheshimu. Lakini leo wanunuzi wawili wa kutoka Kisii wameniuliza kama mbuzi wangu ni wale. Hawakusema wale gani. Wakaenda kununua kwa huyu," akaninyooshea kidole, "ambaye leo asubuhi ameanza kusema mbuzi wake ni wa Rangwe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anasema ukweli, na ni wa kuniua mimi."

Daktari alimpa kiti, na Robi aliyesema hakai akakaa. Daktari akamweleza kwamba jina si tusi, ni anwani tu. Akamwambia kuna ugonjwa wa zamani wa kondoo uliopewa jina la Nairobi, na kirusi chake kilipopatikana jenasi nzima ikachukua kipande cha jina hilo. "Nairobi imebebeshwa ukoo mzima wa virusi, mama, na bado watu wanahamia huko kila siku."

"Nairobi ni kubwa," Robi akasema. "Mtu akiitukana Nairobi, hajui amemtukana nani. Akiitukana Kehancha, amenitukana mimi."

Sijawahi kusikia bei ikitajwa vizuri kuliko hivyo, na nimesikia nyingi. Daktari Makena alikivuta kile kifuniko chenye pini. Kisha akasema hatatuma jina lolote mpaka kila mbuzi arudishwe alikotoka, angalau kwenye ramani. Na Robi akasema basi na yeye anaenda, ili aone kwa macho yake.

Hivyo ndivyo mwaka uliobaki ulivyoisha. Mimi nilifanya udalali wa kurudi nyuma: nilimwendea muuzaji mmoja mmoja nikimwomba ukweli wa mbuzi aliyekwisha kuuzwa na kuliwa, kwa ahadi kwamba hakuna mnunuzi atakayesikia. Kisha tulikwenda walikotoka mbuzi hao kwa pikipiki mbili, tukatoa kupe upya kwenye mazizi. Kehancha tulikula ugali wa wimbi na maziwa lala nyumbani kwa Robi, kwenye sebule yenye vitambaa vilivyofumwa juu ya kila kiti, na shangazi yake alimuuliza Daktari kama kweli mtu huenda chuo kikuu kwa ajili ya kupe. "Miaka mingapi?" "Kumi, ukijumlisha yote." "Na bado hujawamaliza?" Sori tulikaa kwa mwenye nyumba aliyeanika omena mpaka kizingitini, ikabidi tuchague mahali pa kukanyaga. Tulinunua mbuzi wanne wa kuchunguzwa, tukawafunga nyuma ya kinu. Wakakata kamba, wakaingia stoo ya unga, wakala mpaka wakavimba, na kifo chao hakikuhusiana na kirusi chochote.

Majibu yalipokuja, tuliyasikia tukiwa mezani, watatu. Kupe wa Kehancha: hakuna. Wa Sori: wachache. Daktari alishika karatasi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akanitazama. Waliobeba kirusi kwa wingi walitoka kwenye mazizi ya upande wa Asumbi. Kwetu. Zizi la kwanza kwenye orodha lilikuwa la jirani aliyenifundisha kukamua.

Robi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kirusi cha Rangwe," akasema. "Sasa wewe ni binti yake."

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Mzee mmoja wa ukoo alinipokea langoni akasema, "Wengine huenda mjini wakaturudishia sukari. Wewe umetuletea ugonjwa wenye jina letu." Nilimweleza kwamba kirusi kilikuwepo kabla hatujakisoma, kwamba mbuzi walipata homa na kuharibu mimba hata wakati hakuna aliyejua sababu. Akasema wakati huo hapakuwa na sababu ya kututaja. Ndipo nilipoona kwamba hasira ya Robi, ambayo nilikuwa nimeiunga mkono kwa sauti kubwa, sikuwa nimeielewa. Nilikuwa nimeipigania kama dalali, kwa bei ya mtu mwingine.

Jioni iliyofuata niliketi na Daktari Makena kupatana. Niliomba jina la kijito, si la mji. Akaniambia hilo limewahi kujaribiwa: wataalamu waliogopa kuupa ugonjwa mbaya jina la kijiji, wakachukua la mto ulio mbali, na leo mto huo unatajwa dunia nzima kwa kunong'onezwa. Nikasema basi la milima. Akasema milima ina watu. Akanisimulia kwamba Marekani nako watu wa bonde fulani walikataa, kila jina likaletwa likakataliwa, mwishowe kirusi kikaitwa, kwa Kihispania, kisicho na jina. Nilimwambia kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma hutajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka analolitaka litajwe anyamaze.

"Na hiki hakilii," akasema.

"Hakilii. Tunaolia ni sisi."

Alikunywa chai yake, bila sukari. Angeweza kukiita Rangwe siku ileile. Hakuna sheria iliyomzuia, na lilikuwa jina lake la kwanza na huenda la mwisho. Kilichokuwa kimesomwa kilikuwa sehemu ndogo ya kipande kimoja cha uzi, haikutosha kwa kamati, lakini jina la katikati halikuhitaji kamati. Alichukua kalamu akaandika herufi mbili na namba nne, zilezile za kichupa cha kupe. "Hiki hapa," akasema. "Hakitoki popote." Alipofunga chumba na kuondoka mwisho wa mwaka, wanunuzi walikuwa wamerudi kwa Robi, na sokoni watu walikuwa wameanza, wachache wachache, kusema mbuzi wametoka wapi.

Hayo yote tulikumbushana mbele ya mifupa ya samaki. Kisha akanieleza kilichomleta. Kupe wetu walibaki kwenye baridi Nairobi miaka yote hiyo. Sasa mashine za kusoma zimekuwa nyepesi, na mwanafunzi wake wa zamani amesoma vipande vyote vitatu vya uzi mwanzo hadi mwisho. Ni spishi mpya, hakuna ubishi. Ile jenasi yenye kipande cha jina la Nairobi imekua, kipande hicho sasa ni cha familia nzima, na chetu kina nafasi yake ndani. Na desturi imebadilika pia: magonjwa mapya watu wanaombwa wasiyaite kwa majina ya mahali wala ya watu, na spishi ya kirusi hupewa maneno mawili, la kwanza la jenasi, la pili la kuchagua.

"Basi iacheni namba ileile," nikasema.

"Namba haikumbukwi, Awuor. Nimeuliza maofisa wa mifugo. Mbuzi akiharibu mimba wanapima magonjwa wanayoweza kuyataja, wakikosa wanaandika haijulikani. Kipimo cha hiki kipo kwenye friji ya mtu. Hakuna anayekiomba kwa sababu hakuna anayejua aombe nini." Hakusema kwa lawama. "Mwanafunzi wangu alitaka kunipa heshima, akaandika Makena. Nimelifuta. Nilimwambia kuna mwanamke Homa Bay anayejua bei ya majina."

Kwa hiyo nina kazi. Barua ya kwenda kwa kamati inaondoka kabla ya mwezi ujao kwisha. Nimempigia Robi, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu sita na bado anauza mbuzi. Akapendekeza jina la shemeji yake. Nikakataa, ingawa namfahamu shemeji huyo. Nimejaribu jina la mbuzi kwa Dholuo, lakini mbuzi naye anauzwa. Nimejaribu la kupe, lakini kupe huyo ana virusi vingine, vitagombana. Nimejaribu rangi, mwezi, siku ya soko, kinu, unga. Daktari anasema unga si mbaya. Nimeyaandika kumi na moja. Nilipohesabu tena yalikuwa kumi, moja nililiandika mara mbili, labda nalipenda.

Wewe unayesoma hii, uwe Kehancha, Sori, Asumbi au popote penye zizi, nisaidie. Sitaki jina zuri. Nataka neno moja ambalo ofisa wa mifugo atalikumbuka akiwa amechoka, na ambalo wewe ukilisikia redioni wakati wa chakula, likitajwa pamoja na homa na mimba zilizoharibika, utainua kichwa usikilize, halafu uendelee kula. Ukilipata, niambie. Na kama litakuwa limetoka kwenu, niambie hilo pia, ukweli wake, nijue mapema nitapatana na nani.